Kwa nini mkrismasi wa kando ya lami huchanua na wa uani hukataa

Jirani yangu hapa Mamboleo, Kisumu, ana mkrismasi wa miaka tisa. Ameulea kama mtoto wa kwanza. Kila jioni jua likishuka upande wa ziwa anatoka na bomba kuumwagilia, na kila mvua za masika zikikaribia anautilia ndoo mbili za samadi ya kuku. Mti umenenepa, majani yake yanang'aa, kivuli chake ni cha kutandika mkeka. Na kwa miaka yote hiyo tisa haujatoa hata ua moja. Ng'ambo ya barabara, hatua kama themanini kutoka langoni kwake, upo mwingine wa aina hiyo hiyo. Huo haujui bomba. Umeota kwenye changarawe iliyobaki barabara ilipojengwa, mbuzi wameuguguna, matatu imeugonga angalau mara moja. Mwaka ukielekea kuisha unawaka mwekundu hadi watu wanasimama kupiga picha.

"Mwalimu," aliniambia mwaka jana, "huu mti una kiburi, ama ni mimi nimeukosea?"

Si kiburi, na kosa lake ni lile la mtu anayependa kupita kiasi. Ila nilipojaribu kumweleza pale langoni niliona kwamba jambo lenyewe lina fundo. Kitaluni mche unauzwa kwa maneno mawili tu, "unastahimili ukame," na mnunuzi anasikia mambo matatu kwa mpigo: kwamba mti hauhitaji maji, kwamba utaishi popote, na kwamba utatoa maua. Kila moja kati ya hayo lina sababu zake, na mara nyingine yanavutana.

Mti upi hasa

Tuanze na jina, maana hapo ndipo watu wengi hupotelea. Pwani huuita mkrismasi kwa sababu huchanua karibu na Krismasi. Lete jina hilo Kisumu na utaletewa tawi la saipresi, kwani huku mti wa Krismasi ni ule wa kupambwa taa sebuleni. Wapo wanaouita mjohoro, lakini mjohoro unaojulikana zaidi ni ule wa maua ya manjano unaopandwa kwa ajili ya kuni. Vitaluni utasikia flamboyanti. Na kuna wanaouchanganya na ule mti wa asili ya huku tunaouita Nandi flemu, kwa kuwa nao una maua ya rangi ya moto. Tofauti iko kwenye majani. Jani la mkrismasi ni kama unyoya: limegawanyika mara mbili, na jani moja zima hubeba vijani vidogo zaidi ya elfu moja. Vijani vya Nandi flemu ni vipana, unavihesabu bila kuchoka, na mti wenyewe unapenda unyevu zaidi. Ukipewa Nandi flemu ukaambiwa unastahimili kiangazi kikali, muuzaji amekosea au anafanya biashara.

Jina la kisayansi la mkrismasi ni Delonix regia. Kwao ni Madagaska, kwenye misitu mikavu ya magharibi na kaskazini mwa kisiwa hicho, ambako kiangazi huchukua nusu ya mwaka au zaidi. Mtaalamu wa mimea Wenceslas Bojer, aliyekuwa akifanya kazi Mauritius, aliutambulisha kwa wanasayansi miaka ya 1820, na maelezo yake yakachapishwa mwaka 1829. Tangu hapo umepandwa karibu kila mji wa joto duniani. Kwa hiyo ukiuona Kisumu, Mombasa au Dar es Salaam, unamwona mgeni aliyezoea. Nataja kwao kwa sababu moja tu: tabia zake zote zinazotutatiza huku zina maana kamili kule alikotoka.

Kustahimili ni kufanya nini

Jani lina vitundu vidogo sana visivyoonekana kwa macho. Kupitia hivyo mti huvuta hewa unayoitumia kutengeneza chakula chake. Tatizo ni kwamba vikifunguka kuingiza hewa, maji hutoka. Ni kama mtu anayeishi kando ya barabara ya vumbi: ukifungua dirisha upate hewa, vumbi litaingia, na ukilifunga utakosa hewa. Kila mti wa nchi kavu umetafuta namna yake ya kuishi na shida hiyo.

Mkrismasi huitatua kwa ukali. Ukavu ukizidi unaangusha majani, yote au sehemu kubwa, na kubaki matawi matupu. Mti ulio uchi hupoteza maji kidogo sana. Unakaa hivyo ukingoja, kama mtu aliyefunga duka kwa kukosa wateja lakini bado anaishi chumba cha nyuma. Hali ikibadilika, huchipua tena.

Njia ya pili ni mizizi. Hapa watu wengi hudhani kila mti wa ukame una mzizi mmoja mrefu unaoshuka hadi kwenye maji ya kisima. Mkrismasi hauko hivyo. Mizizi yake mingi hutambaa karibu na uso wa ardhi na kwenda mbali kuliko kivuli chake, ikikusanya kila manyunyu yanayoanguka kwenye eneo pana. Ukitembea chini ya mkrismasi mzee utaiona imejitokeza juu ya udongo kama mishipa ya mkono wa mkulima, na shina lenyewe limetanuka chini. Kwa hiyo nguvu yake ya kuvumilia iko kwenye upana wa mizizi na uhuru wa kuangusha majani. Ukiunyima kimojawapo, lile neno la kitaluni halina kazi tena.

Jambo lingine ambalo halisemwi kitaluni: uvumilivu huo ni wa mti mzima, na mche bado hauna. Mvuvi wa Dunga hazaliwi akijua kuogelea. Mche wa sentimita 40 una mizizi ya kiasi cha mkono, na ukipandwa Januari kwenye udongo uliopasuka utakufa kama mche wa sukuma wiki.

Kisumu si jangwa

Mji huu hupata mvua ya zaidi ya milimita 1,200 kwa mwaka. Mvua kubwa huja Machi hadi Mei, nyingine hurudi kuelekea Novemba, na hata katikati ya miezi mikavu wingu la alasiri huweza kutoka ziwani na kumwaga nusu saa ya radi na mvua ya mawe. Juni hadi Septemba mvua hupungua, na Januari na Februari jua huwa kali zaidi. Mkrismasi mzima unaishi hapa bila msaada wa bomba la mtu yeyote. Kinachouua Kisumu, nikihesabu ile niliyoiona ikifa, mara nyingi ni maji yaliyokwama na wala si kiu.

Upande wa tambarare za Kano, kutoka Nyamasaria kuelekea Ahero, udongo ni mweusi wa mfinyanzi. Kiangazi unapasuka nyufa za kuingiza kiganja, na masika unashika maji kama beseni. Chimba shimo zuri la mraba humo, lijaze udongo laini na samadi, panda mche, na umetengeneza sufuria: mvua inaingia kwenye udongo laini, inakutana na kuta ngumu, inakaa. Mizizi inakosa hewa na kuoza. Ukiuona mche umenyong'onyea unadhani ni kiu, unaongeza maji, unammalizia. Kwenye udongo wa namna hiyo usishindane na shimo. Inua kichuguu cha udongo cha sentimita 30 hivi, kipana mita moja na nusu, upande juu yake, na kuta za shimo dogo utakalochimba zikwaruze kwa jembe zisiwe laini kama ukuta wa chungu. Wale wa Riat na Kiboswa, kwenye mawe na mteremko, hawana shida hii. Wao waogope mchwa zaidi, na wasirundike matandazo hadi yaguse shina. Acha pengo la upana wa kiganja.

Mche, na kile kisichoonekana ndani ya karatasi

Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu makosa ya miaka kumi mara nyingi hufanywa dakika kumi za kwanza pale kitaluni.

Macho hupenda mche mrefu. Ukiona miwili, mmoja wa sentimita 40 na mwingine wa mita moja na nusu kwenye karatasi (mfuko wa kuoteshea mche) ya ukubwa ule ule, mkono unaenda kwa mrefu, na muuzaji atakuongezea bei kwa ajili ya huo. Lakini fikiria mizizi. Kama urefu wote ule umelishwa na karatasi ndogo ile, mizizi iliishiwa nafasi zamani, ikaanza kujizungusha ndani kama kamba ndani ya ndoo. Ukiupanda hivyo, itaendelea kujizungusha hata ikiwa ardhini. Mti utakua, utatoa majani, lakini hautatandaza ile mizizi mipana tuliyosema ndiyo siri yake. Kiangazi cha tatu au cha nne unaanza kukauka ncha, au upepo wa alasiri unaung'oa mzima, na ukiangalia chini unakuta fundo.

Chukua mfupi wenye shina imara. Geuza karatasi uone chini: kama mzizi mnene umetoka na kuzama ardhini kitaluni, ujue utakatwa siku ya kuuinua. Kabla ya kupanda, chana karatasi yote uitoe, na kama mizizi ya pembeni imeanza kuzunguka, ichane kwa kisu mistari mitatu minne kutoka juu hadi chini. Inaonekana ukatili. Mizizi mipya itatokea kwenye majeraha hayo na kwenda nje.

Anayetaka kuanza na mbegu anaweza, tena ni raha. Ganda la mkrismasi ni refu kama panga, hufika hata sentimita 60, gumu na jeusi. Tulipokuwa shule ya msingi tulipigana nalo vita vya mchana kutwa, na likikauka mbegu zinacheza ndani kama kayamba. Mbegu yenyewe ina ngozi ngumu isiyopitisha maji. Kule kwao ugumu huo unaizuia kuota kwa mvua moja ya kudanganya. Wewe ukitaka iote sasa, isugue kwa msasa upande mmoja, mbali na kile kijicho chake, mpaka uone rangi imebadilika, halafu ilowe usiku kucha. Au mimina juu yake maji ya moto yaliyoondolewa jikoni yakaacha kutokota, uyaache yapoe na mbegu zikae humo hadi kesho yake. Zilizovimba zimekubali. Ambazo hazijavimba, rudia. Zilizovimba huota ndani ya siku chache, wakati ambazo hazikushughulikiwa zinaweza kukaa udongoni miezi mingi zikikutazama tu.

Maji yale yale, mti tofauti

Panda mvua za masika zikianza kushika, mwisho wa Machi au Aprili. Mvua zikikatika, mche wa mwaka wa kwanza unahitaji kumwagiliwa. Swali ni namna gani.

Lita tatu kila jioni ni lita 21 kwa wiki. Mtungi mmoja wa lita 20 mara moja kwa wiki ni karibu kiasi kile kile. Bili ya maji haioni tofauti, lakini mti unaiona. Lita tatu hulowesha juu juu tu na nusu hukaushwa na jua la kesho yake, kwa hiyo mizizi hukaa pale pale mdomo wa bomba ulipo na haina sababu ya kwenda kokote. Lita 20 zikimiminwa polepole huzama, na katikati ya wiki udongo wa juu unapokauka mizizi huyafuata maji chini na pembeni. Usimwage kwenye shina. Chimba mfereji wa duara umbali wa nusu mita, mimina humo, na kila miezi michache usogeze duara nje zaidi. Unaiita mizizi ije.

Mwaka wa pili, mtungi mmoja kila wiki mbili au tatu, kiangazi pekee. Mwaka wa tatu, acha. Kuacha ndiko kunakowashinda watu, hasa mtu ambaye amezoea kutoka na bomba jioni kama njia ya kupumzisha akili. Namwelewa. Lakini amwagilie boga.

Na maua?

Sasa turudi kwa jirani. Mti wake unaishi vizuri kuliko ule wa barabarani, hilo halina ubishi. Kwa nini basi hauchanui?

Mti una akiba fulani ya nguvu, na kila msimu unaigawa: majani na matawi mapya, au maua na mbegu. Maji yakiwa tele mwaka mzima na naitrojeni ikiwa nyingi, akiba huenda kwenye majani. Samadi ya kuku ina naitrojeni nyingi, na jirani yangu anamimina ndoo mbili kwa mwaka. Ameuambia mti, kwa lugha inayoeleweka vizuri kabisa, kwamba wakati wa kukua haujaisha. Ule wa barabarani huambiwa jambo lingine. Mvua zinapungua, changarawe inakauka, majani yanaanguka, ukuaji unasimama. Baada ya kipindi hicho cha njaa ndipo vichipukizi vya maua hujitokeza kwenye matawi yaliyokomaa. Kule Madagaska mpangilio ni huo huo: kiangazi kirefu, kisha maua mvua zinapokaribia, ili mbegu zipate msimu. Kwa hiyo ukame ambao tulidhani mti unauvumilia tu, kwa shingo upande, ni sehemu ya saa yake. Ukiuondolea ukame wote, saa inasimama.

Nisiwe mwepesi wa kulaumu bomba pekee, hata hivyo. Umri nao una neno. Mkrismasi wa mbegu unaweza kuchanua ukiwa na miaka mitano, na mwingine ukangoja kumi au zaidi, hata kwa matunzo mazuri. Jua lina neno: ukikaa nusu siku kwenye kivuli cha ghorofa ya jirani, utarefuka tu. Na panga lina neno kubwa. Maua hutoka kwenye matawi yaliyokomaa, basi anayeukata kichwa kila Septemba "upate kupumua" anakata maua ya Desemba mkononi mwake. Kama lazima ukate, kata maua yakishaisha. Mti ukiwa mchanga, ondoa matawi ya chini hadi mita mbili na nusu ubaki na shina moja, na penye matawi mawili yanayolingana yaliyoachana kama manati, toa moja. Mbao zake ni dhaifu, na tawi la manati ndilo hupasuka upepo wa mvua unapopiga.

Kuna hoja moja nimeisikia mara nyingi, tena kutoka kwa watu waliosoma: kwamba mkrismasi, kwa kuwa una maganda na ni wa jamii ya kunde, unarutubisha shamba kama maharagwe. Jaribu mwenyewe. Ng'oa mche wa maharagwe wa wiki tano uoshe mizizi: utaona vinundu, na ukikipasua kimoja ndani ni chekundu-chekundu. Humo bakteria hunasa naitrojeni ya hewani. Osha mizizi ya mche wa mkrismasi uone. Vinundu hivyo havipo. Kuwa ndugu wa maharagwe hakumfanyi awe na kazi yao. Tena mizizi yake ya juu juu na kivuli chake kizito huzinyima nyasi na mboga haki yao. Chini ya mkrismasi mzima weka benchi, usipande kunde.

Ploti ya hamsini kwa mia

Hapa nitasema wazi, hata kama wenye vitalu watanikasirikia. Ploti nyingi za mjini ni futi 50 kwa 100, yaani mita 15 kwa 30. Mkrismasi mzima huwa na mwavuli wa mita 12 au zaidi kwa upana, mara nyingi mpana kuliko urefu wake. Toa nyumba, toa maegesho, toa shimo la maji taka, toa tangi. Mti huo unakaa wapi? Mizizi ile tuliyoisifu kwa kutambaa mbali haijui mpaka wa ploti. Itainua sakafu ya veranda, itapasua ukuta, itafuata unyevu wa shimo la maji taka. Vile vijani elfu moja vya kila jani vinapoanguka huziba gata, na kwa nyumba inayovuna maji ya mvua utakuwa unapanda ngazi kila wiki. Kwa boma la mashambani, penye nusu ekari ya uwanja, upande mita kumi au zaidi kutoka kwenye nyumba na utakuwa fahari ya kijiji. Kwenye ploti, mimi nisingeupanda.

Ningepanda franjipani. Asili yake ni Meksiko na nchi za jirani zake, huhifadhi maji kwenye matawi yake manene yenye utomvu mweupe, hauzidi sana urefu wa nyumba ya kawaida, na unaota kwa tawi lililokatwa. Tawi hilo usilipande siku hiyo hiyo. Liache kivulini wiki moja au mbili jeraha likauke, la sivyo litaoza. Utomvu usiguse macho.

Ukipanda mlima

Kisumu iko mita 1,131 juu ya usawa wa bahari. Kakamega imevuka 1,500, Nakuru ni karibu 1,850, Eldoret inafika 2,100. Mkrismasi ni mtoto wa joto, na baridi ya usiku wa Julai huko juu inaudumaza. Nakuru unaweza kuishi, lakini hukua polepole na kuchanua kwa kusuasua, na mwenye nao hulaumu udongo bure. Miinuko hiyo ni ya jakaranda, mgeni mwingine, huyu kutoka Amerika Kusini, mwenye tabia ile ile ya kumwaga majani na kuchanua baada ya ukavu, ila hauogopi baridi ya Bonde la Ufa. Ndiyo maana ikifika Septemba na Oktoba mitaa ya Nakuru hugeuka zambarau.

Lakini kuna mmoja ambao hauhitaji kuagizwa kutoka bara lolote, unaokubali Kisumu, Kakamega na Nakuru, na ambao vitalu vingi havina kwa sababu hakuna anayeuulizia. Ni murembe. Wajaluo huuita orembe, na vitabu vya Kiswahili huuita mwamba-ngoma. Gome lake ni nene, la kizibo, lenye miiba, na hilo huukinga hata moto wa nyasi ukipita. Kiangazi unavua majani yote, halafu juu ya matawi matupu unatoa maua mekundu kama makaa. Bila majani ya kuyaficha, ndege aina ya chozi huyaona kutoka mbali, huja kunywa nekta na kubeba chavua. Na huu, tofauti na mkrismasi, una vinundu vya kweli kwenye mizizi. Unaota kwa mbegu, na pia kwa kigingi cha tawi ukikichomeka mwanzo wa mvua, ndiyo maana zamani ulikuwa ua wa boma. Mbegu zake nyekundu zenye doa jeusi hupendeza kutungwa shanga, ila zina sumu, mtoto asizitafune.

Shida ya murembe haiko kwenye udongo. Waluhya wengi wanauheshimu: wazee walikula viapo mbele yake, na katika maboma mengi kuni zake haziingii jikoni hadi leo. Jina lenyewe linasikika karibu na mulembe, salamu ya amani. Kijana akitaka kuupanda uani mwake Bungoma, amwulize mzee wa nyumba kwanza. Nimeshuhudia majibu ya aina mbili, yule anayefurahi na yule anayeuliza una kesi na nani.

Jirani yangu aliamua kubaki na wake. Mwezi Juni alifunga bomba, na samadi ya kuku akaipeleka kwenye sukuma wiki. Mwisho wa Agosti alinipigia simu asubuhi, sauti imebadilika. Majani yalikuwa yamegeuka manjano na kumwagika usiku, uwanja umejaa, na matawi ya upande wa mashariki yalikuwa matupu. "Mwalimu, umeniulia mti." Nilivuka barabara nikamkuta ameshika bomba tayari. Nilimwomba asubiri kidogo, nikachagua tawi la unene wa kidole gumba, nikalikwaruza kwa ukucha. Gome la kijivu lilibanduka. Chini yake palikuwa kijani kibichi, na palilowesha ukucha.